Mikaeli Asiye na Mabawa

Kabla ya kumwona nilisikia shaba yake ikianguka juu ya chuma. Ting. Kimya kidogo, kisha ting tena, safi na ndefu, kama kijiko kilichogonga bilauri. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa mbao nyuma ya soko la Sumbawanga, mkanda wa begi langu umekatika, upepo wa Juni unanichoma masikio. Mara ya tatu sauti ikabadilika. Ikawa tap, fupi na nzito, kama donge la udongo, na mtu ndani akasema taratibu, "Wewe mwongo."

Nikadhani kuna watu wanagombana. Niliposukuma mlango nikamkuta mzee mmoja peke yake, amevaa koti zito na kofia ya kufuma, anakisema kibeji cha shaba.

"Shikamoo."

"Marahaba. Funga mlango, vumbi linaingia."

Miaka yote niliyomjua alinipokea kwa maneno hayo. Mji mzima ulimwita Fundi Mikanda, na mbele yake Fundi tu. Nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina lake halisi sina haki ya kulitumia baada ya nilichomfanyia.

Kilichomlisha kilikuwa mikanda: ya suruali, ya mabegi, ya saa. Lakini alijulikana mpaka Mbeya kwa kazi nyingine, ambayo haikuwa na jina. Watu wa Ufipa wanapolima mahindi au kuchimba msingi wa nyumba, mara nyingine jembe hugonga kitu cha askari wa zamani. Huwa hivyo zaidi upande wa Kasanga, ambako Mjerumani alijenga boma na Mwingereza akaja kulitwaa. Zinatoka beji za kofia, vifungo vya makoti, bizimu za kufungia mikanda, kulabu zilizopindwa kama nyoka. Aliyeokota alimpelekea Fundi amwambie ni nini, ni cha kikosi gani, ni cha kweli au kimetengenezwa juzi na wajanja.

Mtu alipokuja amenyoosha mkono, simba na taji vikimeta, Fundi hakuangalia. Alisema neno moja tu.

"Geuza."

Mbele, alinieleza, hata mwongo anajua kujipamba. Nyuma ndiko mtengenezaji alikodhani hakuna atakayeangalia. Beji iliyopigwa kwa mashine ya wakati ule, mgongo wake unafuata uso: pua ya simba ikitokeza mbele, nyuma kuna shimo la pua. Iliyomiminwa kwenye mchanga ina mgongo bapa, wenye vipele kama ngozi iliyoshikwa na baridi. Baada ya hapo alitazama vishikio, kama ni vipete viwili vya waya au ulimi wa bati. Kisha aliilamba. Shaba ya zamani, alisema, ni chungu kama kwinini, na hii ya sasa ina ladha ya sufuria. Mwisho aliiangusha juu ya kipande cha reli na kusikiliza, jicho moja limefumbwa. Reli haijawahi kufika Sumbawanga, lakini yeye alikuwa na kipande chake, na sikuwahi kumuuliza alikipata wapi.

Bizimu zenye kulabu za nyoka alizishika kwa kipande cha ngozi. Nilipomtania kwamba anaogopa nyoka wa shaba, alijibu, "Sijamwogopa. Nimemheshimu. Wewe mpe mkono ukitaka."

Kiingereza hakukijua. Maandishi ya kwenye beji aliyasoma kama mwindaji anavyosoma nyayo: herufi ile yenye mkia, ile iliyokaa kama kiti. Vikosi vya Mwingereza alivipa majina kwa picha. Kulikuwa na Pembe, Simba Wawili, Mtu wa Farasi. Wanunuzi waliokuja na vitabu vya picha waliyatafuta majina hayo ya kwake katika vitabu vyao, na mara nyingi waliona amekwisha kusema sawa.

Ukweli wake haukuwa na huruma. Siku moja walikuja ndugu watatu kutoka Chala na beji iliyofungwa kwenye leso. Babu yao, walisema, aliivaa katika vita ya kwanza. Walitaka kuitia kwenye fremu pamoja na picha yake. Fundi akageuza, akalamba, akaangusha. Ikalia vizuri. Ndipo akatazama mbele.

"Ni ya kweli," akasema. "Ila taji hili ni la malkia, na vita ile Mwingereza alitawaliwa na mfalme. La mfalme limevimba mabega kama mkate. Hili limebonyea katikati. Babu yenu hakuvaa hii vita ile."

Mkubwa wao akasimama. "Mzee, babu yetu alipigana."

"Sijasema hakupigana. Nimesema hakuvaa hii."

"Ungenyamaza ungepungukiwa nini?"

"Mngekaa kimya nyumbani nisingesema. Mmeniletea."

Waliondoka bila kuaga. Nilikuwa nimeketi pembeni na daftari langu, naandika kila neno, na moyoni nikasema: hivi ndivyo nitakavyokuwa. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza wakati huo. Nilikwenda kwa Fundi kama watu wanavyokwenda porini kutafuta kuni, nikachukua kila nilichoweza kubeba.

Lakini mtu huyu aliyeshindwa kuwadanganya ndugu watatu kwa ajili ya fremu alikuwa na jambo lake. Jumapili aliketi benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, na watu walipojipanga kupokea komunyo yeye alibaki ameketi, mikono magotini. Miaka yote. Mara moja nilimuuliza.

"Sijaungama," akasema.

"Si uungame basi?"

"Padri ataniambia nikamwambie mtu jambo. Na kumwambia siwezi."

Nikadhani ni mambo ya wanawake ya ujanani. Nikayaandika hivyo.

Mtu pekee ambaye hakuambiwa afunge mlango alikuwa mama muuza ulezi kutoka mtaa wa Kizwite. Alikuja kila Jumamosi akitoka sokoni, na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi. Alimmiminia Fundi kikombe, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na wakazungumza Kifipa na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, juu ya mvua, panya wa ghalani, na wajukuu wasiopiga simu. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao. Hawakugusana hata mikono, lakini kikombe kile kilikuwa cha kwake tu. Mimi nilipewa cha plastiki.

Shingoni alivaa rozari, na kwenye rozari medali moja ya shaba, kubwa kama kizibo cha soda, iliyosuguliwa na vidole hadi ikawa laini kama sabuni. Ilionyesha mtu juu ya farasi akimchoma mkuki joka.

"Huyu nani, mama?" niliuliza mara ya kwanza.

"Humjui? Mtakatifu Mikaeli."

"Mikaeli ana mabawa."

"Yamelika," akasema. "Miaka ishirini na zaidi namshika hapo hapo. Ungekuwa wewe mabawa yangebaki?"

"Na farasi?"

"Mwanangu, kutoka mbinguni hadi Ufipa ni mbali. Ulitaka atembee?"

Nilicheka hadi uji ukanipalia. Fundi hakucheka. Alikuwa ameinamia tupa yake, anasugua kitu ambacho hakikuhitaji kusuguliwa.

Juu ya meza yake, kwenye msumari, ilining'inia pete nene ya shaba yenye shada la majani. Ilikuwa nusu ya bizimu. Mkanda wa ofisa ulifungwa kwa vipande viwili: pete ya nje, ambayo Fundi aliiita jike, na kisahani cha katikati chenye alama ya kikosi, ambacho aliita dume. Watengenezaji walipiga namba ile ile mgongoni mwa vyote viwili ili visipotezane. Mtu alipouliza dume la pete ile liko wapi, Fundi alijibu, "Limesafiri."

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe. Mnunuzi wa Mbeya alikuwepo, mwanamume mpole mwenye sweta ya kijani, na alikuwa ameishusha ile pete msumarini, anaigeuza.

"Ishirini na saba," akasoma. "Mzee, ningepata dume lake ningekuwa mtu mwenye furaha."

Mama wa ulezi akaingia. Akamimina uji, akavua rozari. Mnyororo ulikuwa umekatika karibu na medali. Fundi akageuka kutafuta koleo ndogo, na rozari ikawa mkononi mwangu. Nilikuwa nimemtazama Mikaeli yule mara nyingi. Mgongo wake sikuwahi kuuona.

Nikageuza.

Mgongo ulifuata uso. Kulikuwa na visiki viwili vya vipete, vimesagwa kwa tupa hadi chini. Na pembeni, kumekwaruzwa lakini kunasomeka, namba ishirini na saba.

Nilifurahi. Nimetafuta neno jingine la heshima zaidi, sikulipata. Nilifurahi kama mtoto aliyejibu swali kabla ya darasa zima.

"Fundi," nikasema, "dume lako halikusafiri."

Nikaichukua pete kwa mnunuzi, nikaweka medali ndani yake na kuizungusha kidogo. Ikaingia. Ikasema tik.

Mnunuzi akasimama. Nami nikaanza kueleza, na nilieleza vizuri, kwa mpangilio alionifundisha Fundi mwenyewe: mgongo kwanza, vipete, namba. Kwamba hii si medali ya kanisani. Kwamba ni dume la bizimu ya ofisa wa Mwingereza, kikosi cha Mtu wa Farasi. Kwamba mtu alisaga vishikio vyake na kutoboa tundu kwa ajili ya rozari, tena mtu mwenye mkono wa ufundi.

"Umemfundisha, mzee," mnunuzi akasema. "Umemfundisha kweli."

Mama wa ulezi hakunitazama mimi. Alimtazama Fundi, aliyesimama na koleo mkononi.

"Fundi. Anasema kweli huyu binti?"

Nilimwona akitafuta. Nilidhani anatafuta maneno, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuwa mtu mwingine, mtu anayeweza kusema hapana. Hakuipata.

"Anasema kweli, mama."

"Kwa hiyo mwanangu alivushwa ziwa na mkanda."

"Mama..."

"Sijakasirika. Nauliza tu nielewe."

Aliitoa medali kutoka kwenye mnyororo kwa kucha, kwa utulivu, akaiacha pale ndani ya pete yake. Akammalizia Fundi uji uliobaki kwenye chupa, kama siku zote. Akafunga chupa na kutoka. Fundi hakunywa ule uji. Mnunuzi alipofungua mdomo, Fundi alikitoa kisahani ndani ya pete kwa ncha ya bisibisi, akarudisha pete msumarini. "Leo hakuna biashara," akasema.

Mchana ule alinieleza. Zaidi ya miaka ishirini nyuma, mtoto wa kiume wa mama yule alipanda boti Kirando kwenda ng'ambo ya ziwa, Kongo, na biashara ya dagaa. Huko kukachafuka. Miezi ikapita bila salamu. Mama akaja na rozari yake, medali imedondoka njiani, analia bila sauti. Aliomba apewe medali yoyote ya mtakatifu, maana kwa fundi wa vyuma haikosi. Fundi hakuwa na mtakatifu. Alikuwa na Mtu wa Farasi. Akasaga, akatoboa, akampa. Mama akaitazama na kuuliza, "Ni Mikaeli?"

"Nikasema ndiye," Fundi aliniambia. "Neno moja. Na mtoto akarudi."

Jumapili iliyofuata nilimwona Fundi kwenye mstari wa komunyo kwa mara ya kwanza. Nikajisifu. Nilijiambia kwamba nimemfungua mzee wa watu, kwamba ukweli umefanya kazi yake. Ndipo nikaona nani aliyebaki benchi la mwisho, mikono magotini.

Nilimngoja mama wa ulezi mlangoni baada ya misa. Sikujua nataka kumwambia nini. Yeye ndiye aliyeanza, akiwa amenishika kiwiko kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, wewe umesoma. Maombi yangu ya miaka yote hiyo yalikwenda wapi?"

Nilisema tu, "Pole, mama." Akapiga-piga mkono wangu, kana kwamba mwenye kupewa pole ni mimi, akaenda zake. Rozari hakuivaa tena. Jumamosi hakuja tena kwa Fundi. Walisalimiana kanisani kwa kuinua mkono, wakiwa mbali. Kikombe chake Fundi alikiosha, akakifunika juu ya rafu, kikakaa hapo.

Na mimi niliiandika. Niliitia katika riwaya, nikabadilisha mji na kumfanya Fundi awe fundi saa. Niliisoma mbele ya waandishi wenzangu Dar es Salaam, wakacheka kwenye mabawa yaliyolika, nami nikacheka nao. Walisema ndiyo sura bora ya kitabu. Sijawahi kumpelekea Fundi nakala.

Miaka mitatu ilipita. Mwaka huu nilialikwa harusi Mbeya, katika kanisa ambalo sikuwahi kuingia. Maharusi walichelewa, nikawa natazama madirisha. Dirisha la tatu upande wa kushoto lilikuwa na kioo cha rangi. Mtu juu ya farasi, mkuki, joka chini ya kwato. Hana mabawa. Chini yake wameandika kwa Kiswahili: Mtakatifu Joji, utuombee.

Sikumbuki harusi ile. Asubuhi yake nilipanda basi la Sumbawanga.

Mlango wa Fundi ulikuwa ule ule. Ndani hakukuwa na ting. Alikuwa ameketi, mikono juu ya meza, macho yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, Fundi."

Alitega sikio. "Marahaba. Mwandishi. Funga mlango."

Nikafunga. Nikaketi kwenye ndoo, nikaona nimekaa mahali pa mama, nikasimama tena. Nikamweleza swali la mama la pale kanisani, maombi yake yalikwenda wapi, kisha nikamweleza kuhusu dirisha.

"Ana mabawa?" akauliza.

"Hana."

"Farasi?"

"Yupo."

"Mkuki ameushika upande gani?"

"Kulia. Kama kwenye bizimu, Fundi. Na yule wa kwenye bizimu ndiye huyo huyo. Kikosi kile kilimchukua mtakatifu kikamfanya alama yake. Wewe ulimjua kwa askari tu."

"Na wameandika mtakatifu."

"Wameandika mtakatifu. Mlikosea jina peke yake."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya bajaji. Kisha mkono wake ukapapasa chini ya meza, ukatoka na kopo la kiwi ya viatu, na ndani ya kopo, kwenye kitambaa, kulikuwa na kisahani cha shaba. Akapitisha kidole gumba juu ya uso wake, polepole: kwato, mkia, mkuki. Sikuwahi kumwona akianza na uso.

"Nilikufundisha kugeuza," akasema. "Sikukufundisha kurudisha mbele. Ni kosa langu."

"Ni langu, Fundi."

"Ni lako pia."

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kumwambia juu ya kitabu, na kicheko. Nilisema, "Nipe nimpelekee. Nikamwombe radhi, nimweleze."

"Ndiyo, utamweleza. Wewe unaeleza sana."

Aliinuka. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akakosea kimoja, akarudia. Akakifunika kisahani kwenye kitambaa na kukitia mfuko wa ndani. Kisha akapapasa rafuni, akachukua kile kikombe, akakitia mfuko wa pembeni.

"Kizwite ni mbali, Fundi. Ngoja nikushike mkono."

"Njia naijua."

"Na akikataa?"

"Akikataa atakataa. Lakini atajua yalikokwenda." Alisimama mlangoni, kiganja kwenye ubao, upepo unavuta koti lake. "Wewe kaa hapa. Mtu akija, mwambie fundi katoka. Na akileta kitu, usimwambie ni nini."

"Sawa, Fundi."

"Vumbi," akasema, akauvuta mlango, ukafungwa nyuma yake.